Rangi ya chini ukutani inabanduka? Usikimbilie kupaka nyingine

Kwa tulio Dar, Tanga na ukanda huu wa Pwani, kabla masika ya Machi hayajaanza zunguka nyumba uangalie ukuta kwa chini, kama rangi imevimba na kuna unga unga mweupe hiyo ni chumvi inatoka na maji yaliyo ndani ya tofali, ukipaka rangi juu yake unatupa hela tu hata iwe ya bei mbaya kiasi gani. Chukua kipande cha nailoni ubandike ukutani na selotepu pande zote, acha siku moja au mbili, ukikuta majimaji upande unaogusa ukuta basi unyevu unatokea ndani. Mara nyingi mchawi ni udongo au pevingi iliyopandishwa mpaka ikapita DPC, yaani ule utando unaowekwa chini ya ukuta kuzuia unyevu wa ardhini usipande (mafundi hili hawakwambiagi), au bati halina gata maji yanadondoka chini yanarukia ukuta. Shusha udongo, funga gata, mwaga zege kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kutoa maji nje. Chumvi isugue na brashi kavu, usioshe, maana ikipata maji inayeyuka inarudi ndani. Ukuta upigwe jua wiki kadhaa kwanza, ndo uite fundi rangi.