Kuzunguka mulima haina alama juu ya Bukavu: vile siye tunafanyaka

Batu mingi baniulizaka namna ya kuzunguka ile milima ya nyuma ya Bukavu bila kupotea. Siongelee Kahuzi, ile iko na 3,308 m na iko ndani ya parki, pale unapitia Tshivanga kwa batu ba ICCN, benye banalindaka parki, na unapanda na gide. Minaongelea milima ya mashamba na mikaratusi, kwenye njia iko wazi, kidogo inapotelea mu majani, tena inatokea. Na kama haujauliza usalama ya upande ile wiki ile ile, bakia nyumbani.

Hatua ya 1: chagua pa kuanzia. Hapa njo batu banakosea. Mzunguko iko na upande yenye inaonekana na upande yenye haionekane, na kila mutu anataka kuanza na ile rahisi ju iko karibu na barabara. Miye nafanyaka kinyume: napandia kule hakuna alama, nashukia kule njia iko wazi. Ukipanda, vinjia vinakutanaka, hata ukikosea utatokea paka kwenye mugongo ya mulima. Ukishuka vinaachana, unakosea mita makumi mbili tu, kumbe uko unaingia mu bonde ingine, na kurudi ni kupanda upya na magoti imeisha.

Hatua ya 2: hesabu saa. Kila 5 km weka saa moja, kila 600 m ya kupanda ongeza saa moja. Mzunguko yetu iko karibu 9 km na 600 m ya kupanda, inakuya kama saa tatu, miye naongezaka nusu yake ju ya kupumua na kupotea. Kwetu giza inaingia saa kumi na mbili ya magaribi na haichelewe. Toka asubui mapema, zaidi miezi ya mvua, ju radi inapendaka nyuma ya saa sita.

Hatua ya 3: telefone. Shusha karte ungali na wifi, washa kurekodi njia, kisha weka telefone mu modi ya ndege. GPS inatumika bila rezo na batri inakaa. Mai lita mbili kwa mutu, viatu vyenye meno, fimbo.

Hatua ya 4: jifunze kusoma njia. Karte haitakuambia njia gani ni ya batu. Ya mbuzi inaachana-achana, inapita chini ya matawi kwenye mutu lazima ainame, na inaishia kwenye majani mazuri. Ya batu iko na vumbi ya makala. Angalia jiwe yenye iko sawa na urefu ya kiuno, kama juu yake ni nyeusi na laini, bamama banapumzishaka mizigo pale, uko kwenye njia. Siku moja tulifuata ya mbuzi karibu nusu saa, tukafika pahali udongo imeporomoka yote, nyekundu, tukasimama kama bajinga. Mama mumoja na gunia mugongoni, kamba kwenye kipaji, akatulalamikia toka chini: « Banangu, ile ni ya mbuzi, muko na miguu ine? » Tukamushukuru, tukarudi.

Kwenye kila njia panda geuka, angalia nyuma, piga foto. Ukirudi, pahali iko na sura ingine kabisa.

Hatua ya 5: ukipotea, simama, kunywa mai, rudi mupaka kwenye foto ya mwisho. Usikate mu bonde ati kufupisha, mabonde yetu iko na korongo zenye haziwonekane toka juu. Radi ikianza, toka kwenye mugongo ya mulima na usijifiche chini ya mukaratusi yenye imesimama peke yake.

Hatua ya 6: kushuka. Hatua fupi, magoti ikunje kidogo, muguu wote chini, na kwenye udongo yenye imelowana tembea kando kwenye majani. Fimbo itangulie. Usishike miti midogo ya pembeni, ingine inangʼoka na wewe.

Mukifika barabara, pangusa matope mbele ya kuita motari. Akiona umechoka, bei inapanda kuliko ile mulima.