Mgongo unapouma baada ya saratani ya titi: jinsi ya kuyasoma maumivu hatua kwa hatua

Kazi yangu ni migongo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na siku ikichangamka hupita mikononi mwangu migongo kumi: wa aliyeinua mzigo vibaya, wa aliyekaa kitini kutwa nzima, wa aliyeanguka, wa aliyezeeka tu. Karibu yote haihusiani na saratani hata kidogo. Kati ya watu wanaomwona daktari wa kawaida kwa sababu ya mgongo, wale ambao chanzo chake ni saratani hawafiki mmoja katika mia. Ila hesabu hiyo ni ya watu wote kwa jumla. Kama umewahi kutibiwa saratani ya titi, wewe una hesabu yako, na mwongozo huu nimekuandikia wewe.

Nililijua hili kwa kukosea. Mama mmoja aliletwa kwangu na maumivu katikati ya mgongo. Nikamuuliza kama kawaida, "Una ugonjwa mwingine wowote?" Akajibu hana. Hakudanganya: titi lilikuwa limeondolewa miaka tisa nyuma, dawa alizimaliza, akaambiwa amepona. Nikampa mazoezi kwa wiki tatu. Alipokuja mara ya nne akanieleza, kama jambo la kupita tu, kwamba siku hizi analala amekaa, maana akijinyoosha kitandani hapati usingizi. Hapo ndipo nilipouliza nililopaswa kuuliza siku ya kwanza.

Kabla ya hatua ya kwanza: dalili zisizosubiri

Kwa desturi dharura huwekwa mwisho wa mwongozo. Naiweka mwanzo, kwa sababu aliye nayo hana muda wa kusoma hadi mwisho.

Nenda hospitali yenye huduma ya dharura leo hii, hata kama ni usiku wa manane, ikiwa mgongo unauma na pamoja nao miguu imeanza kuwa mizito, inalegea au unajikwaa pasipo sababu. Ikiwa ganzi imeshuka kutoka kifuani au kiunoni kwenda chini. Ikiwa umekufa ganzi sehemu za siri na makalioni, pale panapogusa kiti unapokalia baiskeli. Au ikiwa mkojo umegoma kutoka, au mkojo au haja kubwa vinatoka bila wewe kujua.

Maana yake ni kwamba huenda uvimbe, au pingili (kipande kimoja cha mfupa wa uti wa mgongo) iliyobomoka, inabana ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili na kupeleka amri ya ubongo hadi miguuni. Anayetibiwa akiwa bado anatembea, kwa kawaida huendelea kutembea. Aliyekwisha kupoteza miguu, mara nyingi hairudi. Miongozo ya tiba ya Uingereza inataka mtu mwenye dalili hizi apigwe picha ya MRI ndani ya saa 24, na mwenye maumivu ya kutilia shaka lakini bila dalili za neva, ndani ya wiki moja. Popote ulipo, chukulia kwamba hiyo ndiyo haraka unayostahili.

Ukifika usiseme "mgongo unaniuma" ukanyamaza. Utapangwa foleni na wenye misuli iliyokaza. Sema: "Nimewahi kuugua saratani ya titi, mgongo unauma, na miguu imeanza kulegea."

Hatua ya 1: Jua kwa nini ni mgongo

Saratani ya titi inaposambaa mbali, mfupa ndio mahali inapopapendelea kuliko pengine pote, na katika mifupa huchagua pingili za mgongo, nyonga, mbavu na sehemu ya juu ya paja. Si bahati mbaya tu. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi akaona ugonjwa haukutawanyika ovyo: viungo vingine ulivirudia mno, vingine ukavipita. Akaufananisha na mbegu, ambazo husambazwa kila upande lakini huota penye udongo unaozifaa. Mwaka 1940 Oscar Batson, mtaalamu wa anatomia, akaongeza habari ya njia: vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinazozunguka safu ya mgongo hazina vali, kwa hiyo damu humo inaweza kwenda mbele au kurudi nyuma kulingana na msukumo, na seli zikabebwa hadi kwenye pingili.

Jambo linalowapotosha wengi ni muda. Saratani inayolishwa na homoni, ambayo ndiyo aina iliyo ya kawaida zaidi, inaweza kulala miaka mitano, kumi, hata ishirini, kisha ikaamkia kwenye mfupa. "Ilikuwa zamani" si kinga. Wala kukatwa titi lote si kinga, kwa sababu seli zinazorudi zilikwisha kuondoka kabla ya kisu kufika. Na wanaume, ambao ni karibu mmoja katika kila wagonjwa mia wa saratani ya titi, wanahusika vilevile.

Neno moja zaidi kabla hatujaendelea. Ikionekana kwenye mfupa haiitwi saratani ya mfupa. Ni saratani ya titi iliyohamia mfupani. Seli zake ni za titi, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi.

Hatua ya 2: Sikiliza tabia ya maumivu, si ukali wake

Hapa ndipo kiini cha mwongozo wote. Wagonjwa wangu huanza kwa kunipimia ukali: "Yananiua," au, "Si makali sana, nisikusumbue." Ukali unadanganya. Msuli uliokaza unaweza kumliza mtu mzima, na pingili inayoliwa pole pole ikauma kama jino lililooza, kidogo kidogo, mchana na usiku. Uliza maumivu yanajiendesha vipi.

Mgongo wa kawaida una mapatano. Ukiinama unauma, ukipumzika unatulia. Una siku nzuri na siku mbaya. Ukikaa vizuri, ukilala upande fulani, unakuachia. Baada ya wiki chache, hata kama haujapona, unaona uko afadhali kuliko ulipoanza.

Maumivu ya saratani kwenye pingili hayana mapatano hayo. Kupumzika hakuyatulizi, na wengine huzidiwa wakilala chali. Yanamwamsha mtu usiku, na hapa nitofautishe: si yale ya kugeuka kitandani ukaumia ukasinzia tena, bali yale yanayokufanya uinuke, utembee chumbani, au ulale umekaa kama yule mama. Kila wiki yapo zaidi kidogo ya wiki iliyopita. Dawa iliyotosha juzi leo haitoshi.

Mahali nako kunasema kitu. Migongo mingi huuma kiunoni, na saratani pia inaweza kukaa huko. Lakini maumivu mapya ya sehemu ya juu au ya katikati, kati ya mabega na pale mbavu zinapoishia, hunishtua zaidi, kwa sababu eneo hilo halichoki kirahisi kama kiuno na ndiko ugwe mgongo hubanwa mara nyingi. Yakizunguka kifua au tumbo kama mshipi uliokazwa, huenda neva inabanwa. Yakichoma unapokohoa, kupiga chafya au kujikamua chooni, ongeza alama ya tahadhari. Ukigonga mfupa kwa ncha ya kidole ukapata pingili moja inayouma kuliko jirani zake, ongeza nyingine.

Wanaomeza letrozoli, anastrozoli au eksemestani, vidonge vya kupunguza homoni inayolisha saratani, wana fumbo lao, maana dawa hizi zenyewe huleta maumivu ya viungo. Kwa kawaida hayo huwa pande zote mbili, vidoleni, viwikoni, magotini; huwa mabaya asubuhi na hulegea mtu akishaanza kutembea. Sehemu moja ya mgongo inayouma peke yake, na kuuma zaidi usiku, si mwendo wa dawa hizo. Dawa hizohizo hupunguza uimara wa mifupa pia, na pingili inaweza kuvunjika kwa udhaifu tu bila saratani. Usijaribu kutofautisha hilo nyumbani. Hata mimi siwezi kwa mikono yangu. Ni kazi ya picha.

Mtego wa mwisho: usiseme "ibuprofeni inasaidia, kwa hiyo si saratani." Ibuprofeni hutuliza maumivu ya mfupa hata pale mfupa una saratani.

Hatua ya 3: Andika, lakini usijifiche nyuma ya daftari

Kama maumivu ni mapya na bado hujui yaende wapi, yaandike kila siku: yalipo, saa yaliyoanza au yaliyokuamsha, dawa uliyomeza na ilikaa muda gani, na jambo moja lililokushinda siku hiyo. Hilo la mwisho huwa na nguvu kuliko namba yoyote. "Jumatatu nilifua, Alhamisi nimeshindwa kuinua ndoo" daktari analielewa mara moja.

Ukomo wa daftari ni wiki mbili. Maumivu mapya yaliyodumu wiki mbili bila kupungua, kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya titi, yanatosha kumwona daktari. Yanayoamsha usiku, yaliyo juu ya kiuno, au yanayoongezeka kila siku hayasubiri hizo wiki mbili. Piga simu siku hiyohiyo uyasikiapo.

Andika pia mambo yanayoonekana hayahusiani na mgongo. Kiu isiyokatika, kukojoa sana, kufunga choo, kichefuchefu, usingizi wa mchana usio wa kawaida, kuchanganyikiwa: haya yakija pamoja yanaweza kumaanisha kalisi imepanda kwenye damu kwa sababu mfupa unamomonyoka. Hiyo nayo ni safari ya hospitali ya siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Sema sentensi tatu

Kama bado una mawasiliano na kliniki ya saratani iliyokutibu, anzia huko, hata kama faili lako limefungwa. Vinginevyo mwone daktari wako wa kawaida. Popote uendapo, tangulia na haya kabla hujaulizwa:

"Nilitibiwa saratani ya titi mwaka fulani. Nina maumivu mapya ya mgongo kwa wiki kadhaa; yananiamsha usiku na yanaongezeka. Naomba tuhakikishe si saratani iliyofika kwenye mfupa."

Sentensi ya tatu huwaogopesha watu. Wanaona kama wanamfundisha daktari kazi, au kama wakilitaja jina lake watauita ugonjwa. Nawaambia daktari mwenye dakika kumi anashukuru kuelezwa shaka yenyewe. Ukijibiwa "ni misuli," usibishane. Uliza hivi: "Ni dalili gani itatufanya tubadili mawazo, na nikiwa sijapata nafuu nirudi lini?" Andika tarehe mbele yake.

Hatua ya 5: Vijue vipimo, usifarijiwe na kilicho dhaifu

Eksirei ya kawaida ndiyo huja kwanza kwa sababu inapatikana, na ndiyo inayowapa watu faraja ya uongo. Mfupa hulazimika kupoteza karibu asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha tundu. Eksirei yenye kasoro ina maana. Isiyo na kasoro haifungi kesi.

Kwa mgongo, picha inayotegemewa ni MRI, na ipigwe safu nzima, si pale panapouma tu, kwa sababu mara nyingi huwa kuna pingili nyingine iliyoguswa ambayo haijaanza kuuma. Skani ya mifupa hutazama mifupa yote kwa mara moja; picha ya CT huonyesha mfupa umebomoka kiasi gani na kama ugonjwa umefika mapafuni au kwenye ini. Damu hupimwa kalisi na kimeng'enya kiitwacho fosfatasi alkali, lakini damu safi peke yake haitoshi kukuachia huru. Ikionekana kitu, madaktari wanaweza kuchukua kipande kidogo cha mfupa, kwani vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli zinazoamua dawa ipi itafaa) vinaweza kuwa vimebadilika tangu saratani ya kwanza, na matibabu yakabadilika navyo.

Hatua ya 6: Wakati unasubiri

Usinyooshwe mgongo. Hili nalisema nikiwa mtu wa mikono: pasiwe na kuvutwa, kupindwa, kukanyagwa wala kukandwa kwa nguvu hadi picha itoke, maana pingili iliyodhoofika inaweza kuvunjika. Tembea kadiri unavyoweza, epuka kuinua vitu vizito na kujipinda. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kwa saa zake, usingoje yakushinde. Usiache kidonge cha homoni kwa uamuzi wako. Na kila asubuhi ukishuka kitandani pima miguu: simama kwa vidole, kisha kwa visigino. Jana uliweza na leo huwezi? Rudi kule juu, kwenye dalili zisizosubiri.

Picha ikionyesha kuwa imefika mfupani, kwa kawaida haiponyeshwi kabisa, na sitakuficha hilo. Lakini hutibiwa, na wengi huishi nayo miaka. Mionzi, wakati mwingine dozi moja tu, hupunguza maumivu kwa wengi ndani ya wiki chache. Asidi ya zoledroniki au denosumabu huimarisha mfupa; onwa na daktari wa meno kabla ya kuanza. Kwa saratani ya homoni zipo dawa kama palbosiklibu na ribosiklibu zinazoongezwa kwenye tiba ya homoni. Yule mama, baada ya mionzi, alirudi kulala chali.

Picha ikiwa safi, njoo kwa watu wa kazi yangu tuanze mazoezi, kwa sababu mgongo wa aliyeugua saratani nao huchoka kama mgongo mwingine. Maumivu yakibadili tabia tena, anza upya hatua ya pili, na safari hii usianze na daftari jipya; endeleza lile la zamani ili daktari aone tarehe zote.