Kabla hujachimba Marekani, soma rangi kwanza

Wale mlioko Marekani mnaofanya kazi za fensi, bustani au hata unataka tu kupanda mti nyuma ya nyumba, jamani kabla hujashika sururu piga 811, namba ya simu ya kuomba wakuonyeshe mabomba na nyaya za chini, ni bure, watakuja watu wapulizie rangi kwenye nyasi kuonyesha kilichopita chini, ila siku za kusubiri zinategemea jimbo kwahiyo usipige asubuhi ukitegemea kuchimba mchana. Nyekundu ni umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, bluu maji ya kunywa, kijani maji taka, zambarau maji yaliyosafishwa ya kumwagilia. Pinki ni ya wapimaji wa ardhi. Nyeupe unaweka wewe kuonyesha unapotaka kuchimba.

Sasa wengi hapa ndo wanaumia, ule mstari haukwambii bomba liko kina gani na linaweza kuwa pembeni kidogo, majimbo mengi wanataka kama inchi 18 mpaka 24 kila upande uchimbe kwa mkono, mashine kaa nayo mbali. Halafu waya aliovuta mwenye nyumba mwenyewe kupeleka umeme gereji kwa kawaida hawauweki alama, huo tafuta fundi binafsi aupime. Mvua ikifuta rangi piga tena, usikisie.