Kabla mama au baba hajapasuliwa moyo: mambo ya kupanga nyumbani

Mzee akishapewa tarehe ya upasuaji wa moyo, familia nzima huanza kuhangaikia pesa, malipo ya SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) na usafiri wa kwenda hospitali ya Eldoret au ya Tenwek kule Bomet. Hayo ni ya lazima. Ila wiki zinazofuata nazo zinahitaji mpango, na mpango wa mama haufanani na wa baba.

Mama wengi hufika kwa daktari wa moyo wakiwa wamechelewa. Badala ya kifua kubana, yeye huchoka kupita kiasi, hukosa pumzi au husikia kichefuchefu, na nyumbani anaambiwa ni vidonda vya tumbo au uzee. Akifika ana umri mkubwa zaidi, mara nyingi na kisukari, presha na upungufu wa damu, na mishipa ya moyo wake ni myembamba kuliko ya mwanamume. Ndiyo maana katika upasuaji wa kupandikiza mishipa ili damu ipite kando ya iliyoziba, wanawake hufariki na kurudishwa wodini zaidi kuliko wanaume. Kwa hivyo msingoje siku ya kulazwa. Damu yake ipimwe wiki kadhaa mapema, kwani kama ni kidogo kuna muda wa kuiongeza kwa dawa, na sukari ishushwe ili kidonda kipone.

Kuna jambo ambalo watoto huona haya kulisema. Uzito wa matiti huvuta mshono wa kifua, na jasho linalokaa chini yake hukaribisha vijidudu. Mnunulie mapema sidiria za pamba zinazofungwa mbele, zisizo na waya, na mumwulize muuguzi lini aanze kuzivaa. Binti au mkaza mwana ndiye azungumze naye.

Kubwa kuliko yote ni kazi. Mfupa wa kidari uliopasuliwa huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuunga, na muda huo madaktari wengi hawaruhusu kubeba zaidi ya kilo 4 au 5. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Mjukuu wa miaka miwili anayelia abebwe hupita kilo 10. Hata kusonga ugali wa watu sita, mwiko ukisukumwa kwa mikono miwili huku sufuria ikishikiliwa isizunguke, kunavuta kifua kilekile. Mama wa Nyalenda au Ahero hatakaa akitazama jiko limezimika, na kumwambia tu "pumzika" hakusaidii. Kabla hajaondoka nyumbani, kubalianeni kwa majina: nani atachota maji, nani atapika, nani atafua, na wajukuu watalala wapi. Wanawake wa chama chake wakitaka kusaidia, waombeni zamu za kupika badala ya kuja wote siku moja, na mwenye mafua asubiri apone.

Baba ana yake. Wanaume wazee huweza kuchanganyikiwa akili siku za kwanza, huelekea zaidi kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na tezi dume ikiwa kubwa mkojo hukwama. Mwambieni daktari mapema kuhusu mkojo, pombe na sigara. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Na awepo mtu mmoja wa kuhakikisha amemeza dawa na kwenda kliniki, maana baba akipata nafuu husema amepona.

Kwa wote wawili, kama wamewekewa vali ya chuma, yaani mlango bandia wa moyo, watameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yao yote. Mboga za majani hazikatazwi, lakini kiasi kisibadilikebadilike: wiki ya sukuma na managu tele, kisha wiki bila mboga, huvuruga dawa. Ulizeni pia ni hospitali gani ya karibu itakayopima jinsi damu inavyoganda.

Safari ya kurudi iwe kwa gari lenye nafasi, mto mdogo ukiwa kati ya mkanda na kifua, na kusimama njiani anyooshe miguu. Bodaboda hapana. Andikeni nambari ya wodi ukutani, na mpige simu mara moja mgonjwa akipata joto la nyuzi 38, usaha kwenye mshono, mfupa wa kifua ukigonga anapogeuka, au uzito ukipanda kilo 2 kwa siku mbili tatu. Akikosa pumzi ghafla au akizimia, msipige simu wodini kwanza. Mpelekeni hospitali iliyo karibu.