Unaenda kuangalia Tour de France mlimani? Jipange kwanza

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni kwamba kwenye Tour de France, yale mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, siku ya mlima ni siku ya kusubiri, mbio zenyewe ni kijisehemu tu. Unaweza ukakaa pembeni ya barabara masaa saba, nane, afu yule jamaa uliyemfuata akapita mbele yako sekunde kumi, kwisha habari. Kwa hiyo maandalizi karibu yote ni ya kusubiri vizuri, na ya kushuka baadae, maana kushuka nako ni shughuli.

Barabara ndo ya kuanza nayo. Hii milima maarufu huwa inafungwa mapema sana kwa magari, masaa mengi kabla ya mbio, na mingine inafungwa tangu siku moja kabla, ndo maana unakuta wenye magari ya kulala wamepanda zamani na wameshatandika viti vyao. Mi mara ya kwanza nilijifanya mjanja nikafika chini saa nne asubuhi nikijua mbio ni jioni, nikakuta askari kasimama katikati ya barabara ananionyesha miguu yangu, yaani tembea! Nikapandisha kilomita tisa na begi la maji mgongoni. Usiige. Tafuta tangazo la kufungwa kwa barabara la eneo husika, na ujue kitu kimoja, hata baiskeli zinakuja kuzuiwa muda ukikaribia, na ukizubaa unaweza ukaambiwa hata kutembea barabarani basi, kaa hapohapo ulipo.

Afu soma ratiba ya siku. Waandaaji wanaitoa kwenye tovuti yao ikiwa na saa ambazo mbio zinategemewa kupita kila sehemu, na zinaandikwa saa za aina tatu kutokana na spidi, yaani wakienda taratibu, wakienda kawaida, wakienda mbio. Wewe shika ile ya haraka zaidi, ukiwahi hupotezi kitu. Humo humo kuna saa za msafara wa matangazo, yale magari ya makampuni yenye midoli mikubwa yanayorusha zawadi, kofia, pipi, mafunguo. Unatangulia mbio kwa masaa kama mawili hivi. Kama una watoto washike hapo kweli kweli, maana kitu kikidondoka katikati ya barabara mtoto anakifuata na nyuma kuna gari lingine linakuja.

Wapi pa kusimama sasa. Watu wanakimbilia mstari wa mwisho, mi sipapendi, kuna vyuma vya kuzuia watu, watu wamebanana na mgongo wa mtu ndo unauona zaidi. Tafuta sehemu yenye mwinuko mkali ambapo unaona kona mbili tatu za chini yako, kwanza wanakuwa wamepunguza spidi, pili unawaona wanavyokuja na unajua nani kaachwa kabla hawajakufikia. Mlima wa Alpe d'Huez kwa mfano una kilomita kama 13.8 na kona 21 zilizopewa namba, na namba zinahesabiwa kurudi nyuma, 21 iko chini na 1 iko juu. Hizo namba ndo anwani yako, mkipotezana na wenzako mnaambiana tu tukutane kona ya 12. Ila kona ya 7 ni ya Waholanzi, rangi ya chungwa mtindo mmoja, muziki, pombe, moshi. Ukitaka shangwe nenda, ukitaka kuona baiskeli panda juu kidogo.

Nguo. Hapa ndo watu wanaumbuka. Ni Julai, chini kuna joto la kukuvua shati, unapanda na kaptula na fulana, ukifika kule juu jua likijificha unatetemeka kama kifaranga cha mvua. Kwa kawaida joto linapungua kama digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mlima wa Tourmalet una mita 2,115, Galibier 2,642, weka na upepo hapo. Beba jaketi la mvua, sweta, kofia na mafuta ya kukinga jua, vyote siku hiyohiyo, sio uchague. Maji mengi pia na chakula cha kushiba, usitegemee kununua. Netiweki nayo usiitegemee, watu ni maelfu na mnara ni mmoja, kwa hiyo ratiba na ramani vihifadhi kwenye simu kabla, na pawabanki iwe imejaa.

Hali ya hewa iangalie usiku na asubuhi yake, sio kwa ajili ya nguo tu bali hata kujua kama mbio zitafika. Mwaka 2016 upepo ulikuwa mkali kule mlima wa Mont Ventoux mpaka mwisho wa mbio ukashushwa kutoka kileleni ukawekwa Chalet Reynard, kama kilomita sita chini. Watu waliokuwa watawanyike mlima mzima wakasongamana, pikipiki ikakwama, mwendesha baiskeli Richie Porte akaigonga, na Chris Froome naye chini, na akiwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano yote, akaanza kukimbia kwa miguu kupandisha mlima bila baiskeli. Mzaliwa wa Nairobi huyo, watu walicheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Na 2019 ndo kabisa, walitakiwa kumalizia Tignes, ikashuka mvua ya mawe na udongo ukafunika barabara, mbio zikasimamishwa njiani na muda ukahesabiwa ule wa kilele cha mlima wa Iseran, Egan Bernal akachukua njano. Waliosubiri Tignes tangu asubuhi hawakuona mtu akimaliza. Kwa hiyo ukiweza chagua sehemu kwenye mlima ambao sio wa mwisho.

Kuhusu kusimama barabarani niseme bila kupaka rangi, hawa jamaa tunawaumiza sisi. Mwaka 1999 Giuseppe Guerini alikuwa anaongoza Alpe d'Huez, shabiki akaingia mbele yake kupiga picha, akamwangusha, bahati akanyanyuka na kushinda. Mwaka 2018 mlima huohuo, Vincenzo Nibali alianguka kwenye msongamano wa mashabiki na moshi wa fataki, pingili ya mgongo ikapasuka, akaenda nyumbani. Na lile bango la 2021, ambapo mtu alilinyoosha barabarani akaipa mbio mgongo ili aonekane kwenye kamera, akalaza kundi zima chini, halikuwa mlimani lakini ujinga ni uleule. Simu inakudanganya, ukiangalia kwenye skrini baiskeli inaonekana iko mbali kumbe imeshakufikia. Piga picha msafara, mbio zikija weka simu mfukoni. Usimkimbilie mtu pembeni, usimsukume, usimmwagie maji hajaomba, fataki za moshi waachie wenyewe, mtu anayepumua kwa shida hahitaji moshi wako.

Utajuaje wanakuja? Helikopta. Ukisikia helikopta inazunguka bonde la chini yako, kusanya vitu vyako na sogea pembeni, zitafuata pikipiki za askari, magari, halafu wa mbele.

Na wakishapita wa mbele usiondoke! Hili kosa nimeliona kila mara, watu wanakunja viti viongozi wakipita tu. Mlimani kundi linakatika vipande, la mwisho linaweza kuja nusu saa na zaidi baadae, wale wa spurti za tambarare, yaani wa kufyatuka kwa kasi mwishoni, wanapanda pamoja taratibu wakipiga hesabu wasipitwe na muda wa mwisho, maana ukizidisha unatolewa mashindanoni. Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani, ile ya pointi ambayo watu wa spurti huigombea sana, 2024 mpaka mwisho, na mtu wa aina yake siku ya mlima mkubwa unamtafuta hukohuko nyuma. Hawa ndo wanaokusikia ukiwaita jina, wengine wanatabasamu kabisa.

Subiri mpaka upite ule msafara wa mwisho na askari wafungue barabara. Kama ulipanda na baiskeli, breki zako ulitakiwa uwe umezikagua nyumbani, maana unashuka na maelfu ya watu, wengine wamekunywa tangu asubuhi, na wengine wanatembea katikati ya barabara na mabegi. Gari lako hakikisha uliliacha upande wa mlima unaoshukia wewe na sio ule mbio zinakokwenda, na pua yake ielekee njia ya kutokea.