Kigeuzi Kipya cha Sauti: Kipime Sebuleni Kwako Kabla Hujakilipia

Mimi ni fundi wa spika na amplifaya hapa Langoni, Lamu. Swali ninaloletewa sana siku hizi ni la kigeuzi cha nje, kile kijisanduku kinachopokea muziki wa tarakimu kutoka kwenye kompyuta na kuutoa kama umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Je, nikinunua cha toleo jipya nitausikia mlio wa udi vizuri zaidi? Kama cha zamani ni kizima na kilitengenezwa vyema, mara nyingi hutasikia tofauti. Usiniamini mimi. Azima kipya siku moja, kisha fanya hivi.

Hatua ya 1. Zima vyombo, chomoa waya, futa pini na matundu yake kwa spiriti, uache vikauke. Hewa yetu ya chumvi huotesha kutu ya kijani, na kutu hiyo hukwaruza sauti au kuufifisha upande mmoja. Nimeletewa kigeuzi kilichosemekana kimekufa, kumbe ni pini tu.

Hatua ya 2. Sawazisha ukubwa wa sauti. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu sikio huihesabu sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo safi. Kigeuzi kikitoa volti 2.3 na kingine volti 2, tayari pana desibeli 1.2 kati yao, na kipya kitasifiwa bure. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 50, sauti ikiwa ya chini, upime volti kwenye ncha za spika kwa mita ya kawaida. Usiguse kitasa cha amplifaya tena. Kile kikali kipunguze kwenye kompyuta. Kimoja kikisoma 1.00, kingine kisizidi 1.01.

Hatua ya 3. Mwombe ndugu yako akae nyuma yako, arushe sarafu kila mara kuchagua kigeuzi, aandike, asikuambie. Cheza kipande kilekile cha nusu dakika, mara 10, na kila mara utaje ni kigeuzi kipi. Ukipatia 7 usishangilie: anayebahatisha hufika hapo au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio 6. Ukipatia 9 au 10, hapo masikio yako yamesikia kitu.

Hatua ya 4. Ukipatia, tafuta sababu. Kigeuzi cha zamani huenda kina mvumo, au hakina nguvu ya kuendesha hedifoni nzito. Hapo kipya kina haki ya pesa zako. Lakini mvumo ukikoma unapochomoa chaja ya kompyuta, tatizo liko kwenye umeme, na kigeuzi kipya chaweza kuvuma vilevile.

Usipopatia, kirudishe, kisha tazama chumba. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta za chokaa hurudisha sauti kwa nguvu. Sogeza spika mbali na ukuta kiasi cha hatua moja, tandika zulia, tundika pazia zito nyuma ya unapokaa. Kisha cheza tena kile kipande cha nusu dakika, kwa kigeuzi chako cha zamani.