SOMO: Umemchoma farasi jike prostaglandini na haji kwenye joto? Anzia hapa

Prostaglandini ni homoni ya sindano ya kumrudisha jike kwenye joto, yaani siku anazomkubali dume. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

1. Angalia msimu. Farasi huzaliana siku zikiwa ndefu. Gizani ubongo hutoa melatonini, nayo hubana homoni zinazoziamsha ovari. Ukitaka aanze mapema, jumla ya mwanga (jua pamoja na taa) ifike saa 16 kwa siku, na anza siku 60 hadi 70 kabla. Kuwasha taa wiki moja ni kuchoma umeme tu.

2. Mpeleke mbele ya dume kila siku uone kama anamkubali au anamkataa, andika tarehe.

3. Ujue mzunguko. Ni siku 21 hivi, na 5 hadi 7 kati ya hizo ni za joto. Folikoli (kifuko cha yai kwenye ovari) inayokua hutoa homoni ya estrojeni, ndiyo maana anainua mkia na kukojoakojoa. Yai hutoka siku moja au mbili kabla joto halijaisha, folikoli ikiwa na milimita 35 hadi 45. Kwa ng'ombe LH (homoni inayolitoa yai) hupaa ghafla. Kwa farasi hupanda polepole, na kilele chake huja baada ya yai kutoka. Mimi hilo hunifurahisha kila nikilifikiria.

4. Prostaglandini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Yai likishatoka, palipokuwa na folikoli huota tezi ya njano inayotoa projesteroni, na projesteroni ndiyo inayomfanya amkatae dume. Kazi ya prostaglandini ni kuiua tezi hiyo. Haiamshi ovari iliyolala! Kama hakuna tezi, umechoma maji. Na tezi changa haisikii dawa: subiri angalau siku 5 tangu yai litoke. Ukipatia, joto huja baada ya siku 3 hadi 5, ila siku ya yai kutoka hutegemea ukubwa wa folikoli uliyoikuta, kwa hiyo usiahidi mtu tarehe.

ONYO: Hakikisha hana mimba, itatoka. Atatokwa jasho na kuumwa tumbo kidogo kwa muda mfupi. Mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiiguse dawa hii kabisa.

5. Kuharakisha yai. Daktari hutumia hCG au deslorelini (homoni za kulitoa yai) folikoli ikifika milimita 35 na mji wa mimba ukionyesha uvimbe wa maji wa siku za joto kwenye ultrasaundi. Yai kwa kawaida hutoka ndani ya saa 48.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa kifupi, nimchome lini?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Nimechoma mara mbili, kimya. Hizi dawa ni feki.
Jibu: Yai lilitoka lini? Hujui. Basi dawa usiitukane. Mwanzoni mwa msimu folikoli hukua na kunywea bila kutoa yai, na farasi anaweza kuonyesha joto siku nyingi bila kuwa na tezi yoyote. Apimwe.

Swali: Samahani kwa usumbufu. Akiwa na mimba, mwili unajuaje usiiue tezi?
Jibu: Hakuna usumbufu, swali zuri sana. Asiposhika mimba, mji wa mimba wenyewe hutoa prostaglandini kama siku ya 14 baada ya yai kutoka. Akishika, kiinitete hakitulii: huzunguka pembe zote mbili za mji wa mimba mpaka karibu siku ya 16, kikitangaza kuwa kipo. Kikizuiwa kuzunguka, prostaglandini hutolewa na mimba hupotea.

Swali: Wangu mimba ilitoka siku ya 50 na hajarudi kwenye joto. Prostaglandini itasaidia?
Jibu: Mara nyingi hapana. Kuanzia kama siku ya 35, vikombe vidogo kwenye ukuta wa mji wa mimba hutoa eCG (homoni inayozitunza tezi za njano), na huendelea hata kijusi kikifa, mpaka karibu siku ya 120. Subiri vikauke.

Swali: Na altrenogesti ya kunywesha?
Jibu: Ni projesteroni ya kutengenezwa, humzuia asije kwenye joto mpaka uiache. Vaa glavu, inapenya ngozi.